Maji ya Nane

Kwa miaka kumi na tisa, kila chupa na kila kijiko kilichotumika katika taasisi yetu ya utafiti kilipita mikononi mwa mwanamke mmoja. Tulimwita Mama Povu. Mimi ni mtunza stoo, na chumba chake cha kuoshea vyombo kimepakana na stoo yangu. Ukutani kuna dirisha dogo la kupitishia vitu. Kupitia dirisha hilo nilimpa sabuni, brashi na glavu, naye akanipa umbea wa jengo zima. Kama kuna mtu wa kusimulia alichokifanya na kilichompata, ni mimi, na ninasema mapema kwamba sehemu ya lawama ni yangu. Sitaki mtu afike katikati aniambie nilificha.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono iliyopauka kwa maji na mdomo usiopauka kamwe. Mtafiti akileta chupa yenye uchafu uliogandia, aliiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza, "Baba, humu umepika nini?" Wasomi wakubwa wenye majina marefu milangoni waliomba radhi mbele ya beseni lake. Mimi nilimtania kwamba siku atakapokufa ataamka kumwelekeza anayemwosha. Alinijibu, "Nitaamka, na nitaanza kukuosha wewe."

Usafi ule haukuwa wa mshahara. Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Alifanyiwa upasuaji mdogo wa tumbo katika hospitali ileile aliyoifulia, kidonda kikaingiwa na vijidudu, kikaoza. Mama Povu alikuwa na miaka kumi na saba, na ndiye aliyebadilisha vitambaa kwa wiki tatu hadi mwisho. Aliwahi kuniambia kwamba ile harufu haijawahi kumtoka puani. Akaachiwa mdogo wake wa miaka sita, akamlea, akamwogesha asubuhi na jioni mpaka mtoto akawa anajificha chini ya kitanda akisikia ndoo. Yule mtoto alikua akawa fundi wa kuezeka mapaa, na mtaa mzima unamwita Msumari. Mama Povu mwenyewe hakuzaa. Ukimwuliza ana watoto wangapi alisema, "Ninaye mmoja, ana ndevu."

Kwenye korido ya chini kuna ubao ambapo hubandikwa matokeo mapya ya utafiti, ya kwetu na ya wenzetu. Mimi huusoma kila Jumatatu nikiwa na chai mkononi, halafu namsimulia Mama Povu dirishani, maana yeye alisema maandishi yale yanamuumiza macho. Mwaka ule ubao ulifurika. Kulikuwa na panya walioota ngozi mpya mahali palipoungua, kuvu iliyotafuna plastiki, na mashine zinazochapa vipuri vya mwili kama ofisi inavyochapa barua.

"Wataishia kuchapa watu," alisema.

"Na hao watu watahitaji kuoshwa," nikamjibu, tukacheka sana.

Karatasi iliyobandikwa juu kuliko zote ilikuwa ya kwetu. Daktari, mwanamke mrefu anayeongoza maabara ya ghorofa ya kwanza, alikuwa amepata chuma kipya cha kuungia mifupa. Mashine hutandaza unga wa chuma, mwanga mkali unauyeyusha, unatandazwa mwingine juu yake, tabaka kwa tabaka, hadi kinatoka kipande chenye vitundu vidogo kama mkate. Mfupa unaingia kwenye vile vitundu na kushika. Lakini sifa yake kubwa haikuwa hiyo. Sifa yake kubwa, kwa mujibu wa majaribio yetu, ni kwamba vijidudu havikai juu yake. Madaktari wa mifupa wanajua vizuri kuliko mimi jinsi vijidudu vinavyopenda chuma kilichomo mwilini. Vikishajenga utando wao pale, dawa haviisikii. Na hiki chetu kilibaki kisafi siku saba mfululizo.

Majaribio yalifanywa kwa vipande vidogo vya duara, ukubwa wa kifungo cha shati, na sisi wa chini tuliviita vifungo. Kulikuwa na vifungo vipya, vilivyotoka kwenye mashine vikiwa bado na unga ndani ya vitundu, na vifungo vya zamani, laini, vya kulinganishia. Vyote vilikwenda kwanza kwa Mama Povu. Akishaviosha vilipelekwa kwenye mtungi wa mvuke, vikapikwa, kisha watafiti wakavimwagia bakteria na kuvifungia kwenye kabati la joto. Baada ya siku chache, vya zamani vilikuwa na ute. Vipya vilikuwa vinang'aa.

Sasa sikiliza alivyoosha. Ukutani kwake kulikuwa na karatasi ya utaratibu: sabuni, halafu maji ya bomba mara tatu, halafu maji ya mtambo wa kuchujia mara nne. Jumla maji saba. Aliufuata utaratibu huo miaka yote bila kuruka hata tone. Lakini siku vifungo vipya vilipoanza kuja, aliniuliza dirishani hivi vinakwenda wapi, nami nikamwambia nilichosoma ubaoni: kwamba vikifaulu, vya namna hii vitaingia kwenye mifupa ya watu. Aliinua kifungo kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akasema, "Naomba ile dawa ya buluu."

Dawa ya buluu ni ya kusugulia sakafu za vyumba vya wanyama wa majaribio. Nilimpa chupa moja, na mwezi uliofuata nyingine, bila kumwuliza mtu yeyote. Ni dawa ya sakafu, nani angejali? Akawa anaviosha vifungo vipya kwa maji saba, halafu anaviloweka katika maji ya nane aliyoyatia dawa ya buluu, vinalala humo hadi asubuhi, kisha anavikausha. Vya zamani hakuviloweka. Vile ni vya kulinganishia tu, alisema, haviendi kwa mtu. Hakumwambia mtafiti hata mmoja, na si kwa hila: ni kama mama anayeongeza sukari kwenye uji wa mtoto, haendi kutoa taarifa. Nao watafiti, katika mwaka mzima na nusu, hawakumwuliza hata siku moja anaoshaje. Kwenye ripoti yao, ile iliyobandikwa ubaoni, kuna mstari unaosema vipande vilioshwa kwa utaratibu wa kawaida.

Basi ripoti ikasifiwa, kiwanda kikaja, wagonjwa kumi na wawili wakatafutwa wa kuwekewa vyuma kamili. Kiwanda kilitengeneza vyuma hivyo na kuvisafisha kwa mashine yake chenyewe. Wagonjwa wa kawaida wa mifupa hupewa vidonge vya kuzuia vijidudu kwa muda mrefu. Hawa walipewa vya siku mbili, kwa sababu chuma kinajilinda.

Nafasi kumi na moja zilishajaa Msumari alipoanguka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa juu ya paa la ghala, bati likateleza, naye akashuka nalo. Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Mama Povu alipata simu akiwa na glavu mikononi, akapanda ngazi nazo hadi ofisini kwa Daktari, maji yakimdondoka kwenye sakafu aliyokuwa akiwagombeza wengine waisafishe. Mimi nilimfuata kwa hofu. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Daktari.

"Daktari, sijawahi kukuomba kitu," alisema. "Naomba kile chuma. Mweke mdogo wangu kile chuma kisichoshika vijidudu. Vifungo vyake nimeviosha mwenyewe, nakijua."

Daktari alitoka nyuma ya meza akamshika mabega. Alisema bado kuna nafasi moja. Siku hiyo nililia kwa furaha, mzee mzima, nikajisingizia vumbi.

Msumari alikuwa mgonjwa wa kumi na mbili. Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku ya sita akatolewa, akahamia kwenye chumba cha mbele cha dada yake. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, mguu juu ya mito miwili, akiwaamuru mafundi wenzake kwa simu.

"Mzee, umesikia?" aliniambia. "Nimepigilia misumari miaka kumi na mitano, leo nami nimepigiliwa."

"Na hukulipwa," nikamwambia.

"Nyamazeni nyote wawili, mnapeperusha vumbi," alisema dada yake, akifuta kingo za dirisha kwa kitambaa chenye dawa. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa amechukua likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu nimjue.

Katika wiki hizo mbili mfagiaji wa ghorofa ya pili aliletwa kushika nafasi yake. Ni mwanamke mwangalifu, mtu wa kusali kabla ya kuanza kazi. Aliisoma karatasi ya ukutani, akaifuata neno kwa neno, maji saba. Kiwanda kilitaka majaribio yarudiwe kwa vifungo vya mashine yake. Siku ya tano watafiti walifungua kabati la joto wakakuta vifungo vipya vyote vimevaa ute, sawasawa na vile vya zamani. Walirudia. Ute. Kijana mwenye miwani anayemsaidia Daktari alishuka akamfokea mfagiaji mbele yangu kwamba ana mikono michafu, na yule mama alikwenda kulia chooni. Mimi nilikuwepo. Nilijua dawa ya buluu iko kwenye rafu yangu, chupa haijaguswa kwa wiki mbili, wala sikuunganisha mambo. Nilihesabu glavu nikasema wasomi wana shida zao.

Mama Povu alirudi Jumatatu. Walimpokea kama mvua. Akaletewa vifungo, akaviosha anavyoviosha. Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, watafiti walishuka wote na kusimama mlangoni mwa chumba chake wakipiga makofi. Vifungo vilikuwa vinang'aa.

"Mama, mikono yako ina baraka!" alisema yule mwenye miwani. "Ulipoondoka tu, kila kitu kilioza."

Alicheka nao. Walipokwisha kuondoka alibaki amesimama, mkono mmoja ndani ya beseni. Kisha akaja dirishani. Uso wake ulikuwa wa rangi nisiyoijua.

"Kaka," alisema, "ile dawa ya buluu. Soma maandishi yake. Inakaa muda gani?"

Nilishusha chupa rafuni. Nilivaa miwani yangu. Nyuma, kwa herufi ndogo, palisema kwamba dawa hubaki juu ya kitu kilichopakwa, haiharibiwi na joto, na huendelea kuua vijidudu hadi siku saba. Nilisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini.

"Siku saba," alirudia. "Na ile ripoti inasema siku ngapi?"

Nilijua siku ngapi. Mimi ndiye niliyemsomea.

"Na kile cha Msumari," aliuliza, "kilioshwa na nani?"

"Mashine ya kiwandani."

"Kwa dawa gani?"

Niliigeuza chupa, maandishi yakaangalia ukuta. Akashika ukingo wa dirisha kwa vidole vyote. Ndipo akaniambia kwamba tangu juzi mguu wa Msumari una joto. Alishampigia simu muuguzi anayefuatilia wagonjwa wale kumi na wawili. Muuguzi alimwambia kwa upole joto kidogo ni la kawaida, mfupa unashika, na kwamba kwa chuma kile hakuna haja ya vidonge, imeandikwa. Msumari mwenyewe alisema hajambo, anachoka kulala tu.

"Naenda kwa Daktari sasa hivi," alisema.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Daktari alikuwa amesafiri kwenda kuzungumza mbele ya wenzake kuhusu hicho hicho chuma, angerudi Jumanne. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Dawa ya sakafu niliitoa mimi, kwa kazi ambayo si yake, bila ruhusa, mara kumi na nane. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kufunga kizibo cha chupa. Na nikayavisha nguo ya busara.

"Dada, subiri kwanza," nilimwambia. "Utaenda kumwambia nani, yule mwenye miwani? Atakuona umechanganyikiwa kwa sababu ya mgonjwa wako. Osha vifungo vingine kwa maji saba tu, bila dawa. Vitakaa kwenye kabati la joto hadi Jumanne. Vikioza, una ushahidi mkononi, na Daktari atakuwa amerudi. Vikibaki visafi, umejisumbua bure. Haraka haraka haina baraka."

"Na usipoziba ufa?" aliuliza.

"Joto kidogo ni la kawaida. Muuguzi amekwambia."

Alikuwa ananiamini, miaka kumi na tisa nilimsomea kila kitu na sikuwahi kumsomea uongo. Akarudi kwenye beseni. Siku hiyo aliosha vifungo ishirini kwa maji saba.

Ijumaa aliniambia mguu umevimba kidogo. Nikamwambia avumilie. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake, na Msumari alinipokea kwa utani wake wa siku zote, lakini alikuwa amejifunika blanketi hadi kifuani mchana wa jua kali, na midomo yake ilikuwa mikavu. Kwenye kingo za dirisha palikuwa na kitambaa kilekile. Nilitaka kusema neno. Nikauliza habari za lile paa la ghala. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa na homa tangu Alhamisi na alikuwa anaificha kwa vidonge vya maumivu, ili dada yake asipate wasiwasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yeye alikuwa anaficha kwa upendo, kama vile dada yake alivyoosha kwa upendo. Katika habari hii nzima mwoga ni mmoja tu.

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, kabati la joto lilifunguliwa. Vifungo vyote ishirini vilikuwa na ute mzito wa kijivu, umejaa hadi kwenye vitundu. Mama Povu hakusubiri mtu amweleze. Alichukua kisahani kimoja, akachukua na chupa ya dawa ya buluu kutoka kwenye rafu yangu bila kuniomba, akapanda ngazi. Nilimfuata tena, safari hii nikiwa nyuma sana.

Daktari alikuwa hata hajavua koti la safari. Mama Povu aliweka vitu vyote viwili juu ya meza.

"Hivi nimeviosha kwa maji saba," alisema. "Vingine vyote, tangu mwanzo, niliviosha kwa maji nane. Ya nane ni haya. Nilidhani nawasaidia. Daktari, si chuma kilichoua vijidudu. Ni mimi."

Sijawahi kuona mtu akielewa jambo kwa kasi vile. Daktari alisoma nyuma ya chupa. Alikaa. Kisha akauliza swali moja tu: "Mdogo wako?"

"Mguu una joto. Siku saba sasa."

Daktari alikuwa kwenye simu kabla sentensi haijaisha.

Walimfungua Msumari mchana ule ule. Tulikaa kwenye benchi la korido ya hospitali, Mama Povu na mimi, katikati yetu mkoba wake wenye shuka safi. Alikuwa akinusa. Nilidhani ana mafua. Halafu nikakumbuka habari ya mama yake, nikatamani ardhi inimeze. Saa kumi jioni daktari wa upasuaji alitoka, kofia mkononi, akasema usaha umefika hadi kwenye chuma na ndani ya mfupa, sumu imeanza kuingia kwenye damu, wamelazimika kukata mguu juu ya pale ulipovunjika ili abaki hai. Ataishi, alisema. Mama Povu aliuliza kama kulikuwa na njia ya kuuokoa mguu.

"Angeletwa Ijumaa, mama," alisema yule bwana kwa huruma, akidhani anamfariji, "tungekitoa chuma, tukampa dawa, mguu ungebaki."

Aligeuka akanitazama. Ningefurahi angenitukana.

Daktari aliibandua ile ripoti ubaoni kwa mikono yake mwenyewe. Karatasi ilichanika, akaokota vipande. Aliandika kwa waliochapisha ripoti kwamba matokeo yale si ya kweli na akaeleza kwa nini, na hakuandika jina la mwoshaji. Wakubwa walitaka Mama Povu aachishwe kazi. Daktari alikataa. Alisema mbele yetu sote, "Kwa mwaka mzima na nusu tuliandika utaratibu wa kawaida, na hatukuwahi kushuka ngazi kumi na nane kumwuliza anafanya nini. Mwachisheni kazi aliyeandika." Mimi nilikwenda kumweleza kuhusu dawa na kuhusu zile siku nne za kusubiri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hana adhabu ya kunipa inayotosha, nirudi kazini. Mfagiaji wa ghorofa ya pili ndiye peke yake aliyeombwa radhi, na alistahili.

Siku niliyopata ujasiri wa kwenda tena kwenye kile chumba cha mbele, Msumari alikuwa amekaa kitandani, blanketi likiwa limelala bapa mahali ulipokuwa mguu. Dada yake alikuwa ameshamwambia kila kitu, maji ya nane na yote. Nilitegemea kukuta nyumba ya matanga. Nikamkuta anamtania.

"Mzee, msaidie huyu," aliniambia. "Siku zote ananiosha hata nisipotaka. Akaosha vifungo vya watu asiowajua mwaka mzima. Chuma changu mimi, ndugu yake wa tumbo moja, ndicho peke yake hakukiosha. Ungekiosha cha kwangu, dada, si ningekuwa na mguu?"

Mama Povu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kicheko kikageuka bila sisi kujua ni saa ngapi kiligeuka. Msumari aliteremka kitandani kwa mikono, akaburuta hadi alipo, akamshika kichwa. Mimi niliangalia kingo za dirisha. Kitambaa hakikuwepo, na kulikuwa na vumbi.

Walibaki wale kumi na mmoja. Waliitwa wote. Wanne walikuwa na joto mguuni na wote wanne walikuwa wameambiwa ni la kawaida. Vyuma vilitolewa, wakapewa vidonge, na hakuna mwingine aliyekatwa. Kumi wamepatikana. Wa saba hajapatikana. Ni dereva wa lori la masafa. Chuma kimo kwenye mfupa wa mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia breki. Mara ya mwisho kuonwa na muuguzi alisema anajisikia mzima kabisa na ameitwa kazini mbali. Anwani aliyoacha ni ya chumba alichokwishahama. Namba yake ya simu haipatikani.

Kila siku saa nne asubuhi Mama Povu anavua glavu, anakuja dirishani, na mimi napiga simu ile huku ameegemea ukingo. Hatuzungumzi mambo mengine siku hizi. Sauti ya kwenye mashine inasema namba haipatikani. Ananiuliza, "Haipo?" Namjibu, "Haipo." Anarudi kwenye beseni lake. Siku hizi anaosha kwa maji saba, na yule mwenye miwani anasimama pembeni akiandika kila anachofanya.

Jumatano iliyopita simu iliita.

Iliita mara tano. Akapokea mwanamke, sauti ya mbali, yenye ngurumo ya injini nyuma yake. Nilisema ninatoka taasisi gani na ninamtafuta nani. Mama Povu alikuwa ameingiza kichwa chote dirishani.

"Mume wangu amepumzika nyuma ya kiti," alisema yule mwanamke. "Mguu umepata joto kidogo na mwili una baridi. Lakini hospitali walisema ni kawaida, kile chuma kinajilinda. Tumeamua tusubiri hadi tutakaporudi huko wiki ijayo."

"Msisubiri!" nilipiga kelele. Mama Povu alininyang'anya simu. "Mwanangu," alimwambia, "mwanangu, nisikilize, mko wapi? Mpeleke sasa hivi, hospitali yoyote, leo, usisubiri. Mko wapi?"

Alikuwa bado anauliza mko wapi, na simu ilikwishakatika. Tulipiga tena. Haipatikani. Tumepiga Alhamisi, tumepiga Ijumaa, Daktari amewapigia polisi wa barabarani na kila hospitali yenye simu. Leo ni Jumanne, siku ya saba, na sasa inakaribia saa nne. Nasikia upande wa pili wa dirisha anavua glavu.